Wapangaji wa Paa la Baba

Mimi si mpenzi wa ndege, hilo niliseme mapema. Nimelelewa nikiwafukuza. Wimbi ya mama, ulezi wa uji, ilipoanikwa uani juu ya turubai, kazi yangu ilikuwa kukaa kando na kijiti mkononi na kupiga kelele kila shomoro alipotua, na walikuwa hawaishi kutua. Wezi wakubwa wale. Anakuangalia kwa jicho moja huku anameza. Nimewatukana shomoro matusi ambayo mama angeyasikia angenizaba kofi. Kwa hiyo mtu akiniona leo mjini Kisii nimesimama kando ya barabara, shingo juu, nachungulia mapaa ya maduka, asifikiri nimekuwa mtu wa mambo ya mazingira. Natafuta tu. Imeshakuwa tabia.

Kwetu ni upande wa Kiogoro. Nilipokuwa msichana, ukisema unatoka huko watu wa mjini walikuona mtu wa shamba. Siku hizi mji umetufuata mpaka mlangoni. Baba alijenga nyumba ya matofali na mabati, na kati ya ukuta na paa akaacha nafasi wazi pande zote, moshi utoke na hewa iingie. Ilikuwa desturi ya nyumba za wakati ule. Shomoro wakaingia hapo, wakazaa hapo, na kelele zao za asubuhi ndizo zilizotuamsha kwenda shule. Saa tulikuwa nayo, ya ukutani, lakini ilikuwa haifanyi kazi.

Baba alikuwa karani wa kupima majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, mtu wa mzaha, mtu wa kucheka mpaka koti linafunguka vifungo. Shomoro aliwaita wapangaji. "Wapangaji wangu wa juu," angesema mgeni akishtushwa na kelele, "hawajawahi kulipa kodi, na nikiwafukuza wanarudi na jamaa zao." Mgeni anacheka, mama anasonya, kwa sababu wimbi ilikuwa yake.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mama alimkata baba nywele. Alimketisha kwenye kigoda nyuma ya jiko, akamfunga taulo shingoni, akachukua mkasi. Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu nywele si takataka. Ukinyolewa unaziokota zote, unazitupa chooni au unazichoma, kwa sababu watu wapo, na watu wana mambo yao, na unywele wako ukiwa mkononi mwa mtu mbaya ni wewe mwenyewe uko mkononi mwake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Waadventista kwa Wakatoliki, hata wale wanaosema hawaamini. Mama alikuwa ameshika hilo kuliko wote. Baba akamkatalia. "Ziache hapo chini," alimwambia. "Wapangaji wanataka kutandika kitanda." Na kweli, kabla hajainuka kwenye kigoda, shomoro walikuwa chini wakizoa, wanapaa na midomo imejaa. Mama mwishowe akazoea, akaacha kuokota. Mimi nimekua nikiona nywele za baba zikipanda kwenye paa, kwanza nyeusi, baadaye za mchanganyiko, mwishowe nyeupe pe. Nilidhani kila nyumba ni hivyo.

Siwezi kusema walianza kupungua lini. Hakuna anayeweza, kwa sababu nani anahesabu shomoro? Jirani wa juu aliuza shamba, likasimama ghorofa la kupangisha, ukuta wake laini kuanzia chini mpaka juu, hakuna ufa wa kupitisha hata kidole. Jirani wa chini akafuata. Ua wa michongoma ambao ulikuwa unatuchania sketi ukang'olewa ukajengwa ukuta wa mawe. Mama macho yakaingiwa na mtoto wa jicho, akaacha kupanda wimbi, tukaanza kununua unga wa paketi, na unga wa paketi haumwagiki uani. Ndugu yangu akaleta watu wakapanga matofali ya saruji ua mzima, tusikanyage matope tukija na magari. Palipendeza, siwezi kudanganya. Nami nilipasifu.

Baba ndiye aliyekuwa akinipasha habari kwa simu. Mimi nimeolewa Nyamira, nina chai yangu na ng'ombe wangu, siwezi kuja kila wiki. "Wapangaji wanahama," aliniambia. Nikacheka. Mwaka uliofuata akasema, "Huko sokoni pia hawapo. Nimekaa pale kwa muuza mahindi nikangoja, hakuna." Nikamwambia, mzee, una kazi kweli wewe. Mara ya mwisho tuliyoongea vizuri aliniambia amebaki mmoja na mke wake, juu ya chumba cha kulala, na kwamba mke anaingia na kutoka sana, lazima kuna makinda. Alikuwa na furaha ya mtoto. Kisha akaugua kifua, na kifua hakikumwacha.

Kwetu mtu akifariki, mwili unakaa mochari na nyumba inaanza kutengenezwa. Nimeona watu walioishi maisha yote chini ya paa linalovuja wakipakiwa rangi ukuta ili wapite mbele yake siku moja wakiwa kwenye jeneza. Ndugu yangu ndiye mkubwa wetu, mtu wa ofisi Nairobi, na alisema wazi kwamba wenzake wa kazini wanakuja na hawezi kuwaonyesha nyumba inayochungulia angani. Akaleta fundi. Ukuta ukapigwa plasta, vyumba vikawekwa dari ya mbao, na nafasi yote ile kati ya ukuta na paa ikazibwa kwa mbao mpya zilizopakwa rangi ya kahawia. Nyumba ikawa nadhifu sana.

Nilifika siku moja kabla ya maziko. Kabla sijatua mzigo nikamwona shomoro. Jike, manyoya ya vumbi, mdomoni ana kiwavi cha kijani. Aliruka mpaka kwenye ubao mpya, akagonga, akarudi kwenye waya wa kuanikia nguo, akaruka tena, akagonga. Hakukiachia kile kiwavi. Nikasimama na mzigo kichwani, watu wananipita wanabeba viti, na mimi nilijua palepale kinachoendelea, kwa sababu nimekulia chini ya mapaa yale.

Ndani mama alikuwa ameketi kwenye godoro, amezungukwa na wanawake. Alinishika mkono, na neno lake la kwanza kwangu halikuwa la baba. "Wako juu yangu," alisema. "Nawasikia. Wanalia njaa. Mwambie ndugu yako afungue ubao mmoja tu." Wanawake wakampapasa mabega. "Pole, mama. Ni uchungu huo." Mmoja akaninong'oneza kwamba ameanza kusikia vitu.

Nikamwendea ndugu yangu, alikuwa anaelekeza watu wa hema. Nikamweleza. Akaniangalia kana kwamba nimemwomba aahirishe maziko.

"Dada, mzee anafika kesho. Wewe unaniletea habari za ndege?"

"Ubao mmoja. Utaurudisha baada ya wiki, makinda wakishatoka."

"Rangi haijakauka."

"Ni mama anaomba. Si mimi."

"Mama amefiwa, hajui anachosema. Na wewe umeolewa Nyamira. Paa hili tuachie sisi wa hapa."

Wacha nikuambie, ningekuwa na mwiko mkononi ningempiga nao mbele ya wenzake wa ofisini. Nikamfuata fundi, kijana mwenye kofia ya sufu, akasema yeye anafuata amri ya bosi. Nikatafuta ngazi nipande mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu na sketi yangu ya msiba. Ngazi ilikuwa imefungwa kwenye hema, inashikilia pembe. Ndivyo ilivyokuwa. Tulimzika baba vizuri, watu walikula wakashiba, na wakati mhubiri anasema maneno ya mwisho nilimwona yule jike bado yuko kwenye waya. Kesho yake asubuhi mama aliniambia, "Wamenyamaza."

Nilirudi Nyamira kwa sababu chai haingojei msiba wa mtu. Ndugu yangu na mke wake wakabaki kumalizia mambo ya nyumbani. Siku chache baadaye mama akanipigia simu, sauti imekauka. "Wamechoma kiota," alisema. "Njoo."

Yaliyotokea nilielezwa na wengi, na wote walieleza sawa. Chumba cha mama kilianza kunuka. Wakadhani ni panya. Fundi akaitwa, akang'oa ubao wa dari juu ya kitanda, na kitu kikaanguka juu ya shuka. Tonge kubwa la nyasi kavu, nyuzi, manyoya ya kuku, vipande vya kitambaa chekundu ambacho mama alikuwa akijifunga kichwani. Na nywele. Nywele nyeupe, nyingi, zimezungushwa zimekazwa. Na katikati ya nywele hizo vitu vidogo vilivyokauka, vyenye mifupa. Fundi aliruka nyuma akaangusha nyundo. Mke wa ndugu yangu, ambaye amezaliwa na kukulia nyumba za kupanga Nairobi, alipiga yowe lililotoa watu kwenye ghorofa zote mbili. Mtu akasema, "Hizo ni nywele za mzee." Mwingine akauliza, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu, "Nani analala hapa?"

Mama alisema. Jamani, mama alisema! Alisimama katikati ya chumba na macho yake ya ukungu, akawaambia hicho ni kiota cha shomoro, nywele wanaokota wenyewe, mumewe aliwaachia. Fundi akamjibu, "Shomoro gani, omong'ina? Mimi nimejenga mji huu wote, sijaona shomoro hata mmoja." Hakumdharau, alimwita kwa heshima ya wazee wetu. Alikuwa anasema ukweli wake. Alikuwa kijana wa mjini, mapaa yote aliyopanda yalikuwa yamezibwa, na mengi ya hayo aliyaziba mwenyewe.

Lakini mtu mmoja pale chumbani alijua. Ndugu yangu. Alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akipanda juu ya pipa kurudisha kinda aliyeanguka, mama akimshikilia miguu. Alisimama pale, mama akamgeukia, watu wakamgeukia. Akaenda jikoni akachukua mafuta ya taa, wakakitoa kile kitu uani kwa koleo, wakakiombea, wakakichoma juu ya matofali yake ya saruji. Nilipofika palikuwa na doa jeusi tu.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Tutaongea baadaye." Nikamuuliza mbele ya mke wake. Akatoka nje.

Basi nikaamua kitu kimoja. Kama watu hawajui kiota cha shomoro, nitawaonyesha. Nitatafuta kingine, nikilete, nikiweke mezani, kila mtu akishike. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Shomoro! Ndege asiye na thamani hata ya kombeo!

Nilianzia mjini. Nikazunguka stendi, nikazunguka soko, nikaingia vichochoro vya nyuma ya maduka ya zamani ambako nilikuwa nawaona wakigombania makombo ya mandazi. Paa zimezibwa, maduka yamewekwa vioo, majengo ya zamani yamebomolewa. Wauzaji wa nafaka wanauza kwenye mifuko iliyoshonwa. Niliona kunguru, niliona korongo wale wabaya wa jalalani wenye vipara. Nikamuuliza mlinzi mmoja kama anajua shomoro wanalala wapi, akaniuliza mimi natoka kanisa gani. Nikaenda mpaka Tabaka, nikafikiri vibanda vya wachongaji ni vya mabati yaliyoinuliwa, bila dari, huenda wamejificha huko. Vumbi la mawe limefunika kila kitu. Mchongaji mmoja alinionyesha meza nzima ya ndege wa mawe, wenye shingo ndefu, wenye mikia, wa kuuzia wageni. Nikamuuliza wa kweli. Akafikiri sana. "Mama, nikipata picha yake naweza kukuchongea," alisema. Alikuwa muungwana, nikamshukuru, nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe nikalia.

Nilikipata Keumbu. Kando ya soko kuna mashine ya kusaga unga, ya zamani, mabati yake yameoza kwa kutu, na ukutani wameegemeza kibanda cha kinyozi. Mwenye mashine, mzee mweupe kwa unga hadi kope, aliniambia walikuwepo, wengi tu, lakini tangu aweke wavu wa kuzuia panya hawaji. Viota vyao vimebaki. Akaniazima ngazi. Nikaingiza mkono chini ya paa nikakitoa, chepesi, kimejaa vumbi. Nyasi, nyuzi, uzi wa gunia. Na nywele, nywele nyeusi fupifupi za vichwa vya watu wote wa Keumbu, zimeokotwa mlangoni kwa kinyozi. Nilikishika pale juu ya ngazi. Nikasema, asante Mungu, mama amepona.

Nilimwomba ndugu yangu aite watu, akaita. Wakaja wazee wa ukoo, wanawake wa kanisa, majirani wa ghorofani. Mama aliketi kwenye kiti karibu na mlango. Nikasimama, nikaeleza yote tangu Jumapili za kigoda na mkasi, kisha nikafungua mfuko nikakiweka kiota mezani, nikakipasua katikati ili waone nywele.

Watu walirudi nyuma. Viti vilikwaruza sakafu. Mwanamke mmoja wa kanisa, ambaye amekula kwetu tangu niko mdogo, alijifunika mdomo kwa leso. Nilisema, "Shikeni, ni nyasi tu." Hakuna aliyeshika. Mzee mmoja akauliza taratibu sana, "Binti yangu, hizo nywele ni za nani?" Nikasema ni za watu wa Keumbu, sijui ni za nani, zimetoka kwa kinyozi. Na nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, na mimi nimesimama pale na nywele za watu nisiowajua vidoleni, nilielewa walichokuwa wanakiona. Walikuwa wanamwona mama, kisha wananiona mimi.

Mtu mmoja alisimama upande wetu. Mpangaji wa ghorofa la chini, mama muuza samaki, mtu wa kutoka ziwani. Alikuja mpaka mezani, akakichukua kiota, akakigeuza. "Lakini hiki ni cha shomoro," alisema kwa Kiswahili chake cha haraka. "Kwetu walijaa kwenye paa la kanisa. Nyinyi hamjawahi kuona?" Mtu nyuma akasema kwa Ekegusii, bila kupunguza sauti, kwamba mambo ya hapa huyo hayajui. Muuza samaki hakuelewa maneno, lakini alielewa. Akakirudisha.

Nikamgeukia ndugu yangu. "Sema," nilimwambia. "Wewe ulikuwa unapanda pipa. Sema."

Alikuwa amefunga mikono kifuani.

"Tuombe," alisema.

Nao wakainama, wote, wakafumba macho. Mama peke yake ndiye aliyebaki ameinua uso, anatazama mahali sauti ya mwanawe ilipotokea.

Nilimkamata ndugu yangu nyuma ya jiko watu walipoondoka. Hakunikimbia. "Nilijua," alisema. "Tangu kilipoanguka nilijua. Lakini watu walikuwa wameshasema, dada. Mke wangu anatetemeka, fundi ameshapiga simu kwa wenzake. Ningewaambia nini? Kwamba mama alituomba, nikakataa, nikawaua juu ya kitanda chake wiki ya kumzika baba?" Nikamwambia ndiyo, ungewaambia hivyo hivyo. Akasema mambo yatapoa, watu husahau. Kisha akarudi Nairobi, kwa sababu likizo ilikuwa imekwisha. Sijamsamehe na sijui kama nitamsamehe, na yeyote anayetaka kunihubiria juu ya hilo aje Nyamira anikute na mwiko wangu.

Hayakupoa. Sabato iliyofuata palikuwa na chakula cha pamoja kanisani, na mama akapika chinsaga kwa maziwa, mboga yake ile ambayo miaka yote sufuria ilirudi imelambwa. Akaibeba mwenyewe kwa kupapasa njia. Sufuria ilirudi imejaa. Hakuna aliyemwambia neno baya, walisema tu wameshashiba. Watoto wa ghorofani waliokuwa wakija kuchota maji kwenye tangi lake wakakatazwa. Jioni mawe yakaanza kutua juu ya paa, moja, kisha kimya, kisha lingine. Yule mama muuza samaki ndiye aliyenipigia simu. Alisema amepita mlangoni kwa mama asubuhi akienda sokoni, akakuta kiberiti kimewekwa kizingitini. Kipya, hakijafunguliwa.

Kwetu kila mtu anajua maana ya hilo. Tumesikia habari za vikongwe walioitwa wachawi wakachomwa na nyumba zao. Nilimfuata mama siku hiyohiyo.

Hakutaka kuja. Mjane kuondoka nyumbani kwa mumewe kabla kaburi halijashikana udongo, aende kukaa kwa binti aliyeolewa, ni aibu, na zaidi ya aibu ni kama kukiri. Alisema, "Nikiondoka watasema nimekimbia." Nikamwambia, mama, waseme. Alifunga nguo zake mwenyewe. Mlangoni alisimama akageuza uso juu, kwenye zile mbao za kahawia, akasikiliza. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Tukaondoka, na nyumba ile sasa imefungwa kwa kufuli, nadhifu, rangi haijachakaa.

Kwangu ni chai mpaka unapoishia kuona, majani mafupi ya kijani yaliyokatwa sawasawa. Kuna ndege, siwezi kusema hakuna, lakini wa msituni na wa mtoni, hawakai na watu. Nimeng'oa ubao mmoja chini ya paa la chumba chake. Mume wangu aliniuliza mvua ikiingia je, nikamwambia iingie. Nikamwaga wimbi uani asubuhi, wakala kuku. Wiki baada ya wiki kuku wamenenepa.

Mama haulizi. Anakula, anasali, anachambua mboga kwa vidole. Majuzi alisema kichwa kinamwasha, nywele zimekuwa ndefu. Nikatoa kigoda nyuma ya jiko, nikamfunga taulo shingoni, nikachukua mkasi. Kulikuwa na jua zuri. Nywele zake ni nyeupe kama zilivyokuwa za baba, laini, zilianguka huku na huku kwenye nyasi na mimi nikawa naimba kidogo, maana niliona ametulia. Nilipomaliza nikampangusa shingo nikaingia ndani kuleta maji ya kumwosha.

Nilipotoka alikuwa chini, amepiga magoti, uso karibu na ardhi. Alikuwa anapapasa kwenye nyasi, anaokota nywele zake, unywele mmoja mmoja, anaziweka kwenye kiganja cha kushoto na kukifumba. Yeye, aliyekuwa ameacha kuokota nywele kabla mimi sijajua kusoma.

"Mama, acha," nilimwambia. "Hapa ni kwangu. Hakuna mtu atakayezichukua."

"Si watu," alisema, bila kuinua kichwa, mkono ukiendelea kutafuta. "Nisaidie, mama. Wewe unaona. Tuzimalize kabla ndege hawajaziona."